Nagesh, Mchekeshaji Aliyetuvunja Mbavu kwa Mdomo wa Mwingine

Ukimuuliza mtu aliyeiona Pyar Kiye Jaa, ile picha ya Kihindi ya mwaka 1966 yenye Shashi Kapoor na Kishore Kumar, akueleze nani alimwoa nani, atababaika. Muulize kuhusu Mehmood anavyomsimulia baba yake hadithi ya kutisha, huku Om Prakash akikodoa macho na kujikunyata kitini, hapo hutamnyamazisha. Wazee waliokulia kwenye kumbi za Empire na Avalon pale Dar es Salaam, au Majestic kule Unguja, wakianza kuhesabu wachekeshaji wa picha za Kihindi, Mehmood hakosi kutajwa.

Kichekesho kile kina mwenyewe, na mwenyewe tulikuwa hatumjui. Ni Nagesh, Mtamil wa Madras, kusini mwa India, ambaye alikuwa ameshakifanya miaka miwili kabla.

Picha ya asili inaitwa Kadhalikka Neramillai, ya mwongozaji C. V. Sridhar, na ilitoka Februari 1964. Humo Nagesh ni Chellappa, mtoto wa tajiri mwenye mashamba, kijana asiye na kazi ila ana kampuni ya filamu, Oho Productions, ambayo mtaji wake wote ni jina. Baba mtu, T. S. Balaiah, anajichanganya na kutaka kujua hiyo filamu inahusu nini. Chellappa anaanza polepole. Anapunguza sauti, anasogea, anatoa milio ya kutisha kwa mdomo wake mwenyewe, anakatisha ghafla, anaanza tena. Mzee wa watu, ambaye dakika moja nyuma alikuwa bosi wa nyumba, anaishia kuogopa kama mtoto aliyeachwa peke yake gizani.

Mimi huwa naitazama sehemu hiyo kwa sababu ya jambo moja. Nagesh ndiye anayesema maneno yote, lakini anajua kicheko kiko usoni mwa Balaiah, kwa hiyo kila anachokifanya anakifanya ili mzee apate cha kuitikia. Wachekeshaji wengi niliowaona wakipewa nafasi kama ile wangemziba mwenzao. Huyu anapika, mwenzake anakula, na sisi ndio tunaoshiba.

Alizaliwa Septemba 27, 1933, huko Dharapuram, katika familia ya Kibrahmini iliyozungumza Kikannada nyumbani. Ndui ilimpata, ikamwachia uso wenye makovu, na mwili alikuwa nao mwembamba wa kuchukuliwa na upepo. Kwa sura hiyo, mtu angemshauri atafute ukarani, na ndivyo alivyofanya: alikwenda Madras akaajiriwa na reli. Enzi hizo za dhiki aliishi pamoja na Vaali, kijana mwingine aliyekuwa akihangaika, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa nyimbo za filamu za Kitamil. Nyumba ile ilikuwa na njaa nyingi na vipaji viwili.

Wafanyakazi wa reli walikuwa na maigizo yao, na katika igizo mojawapo karani Nagesh akapewa kasehemu ka mgonjwa wa tumbo. Ni nafasi ambayo mtu huingia, analalamika, anatoka. Yeye akaugua kwelikweli. Alijipinda, akajikamua, akagaagaa mpaka watu wakasahau igizo lenyewe lilikuwa linahusu nini. Mgeni rasmi siku hiyo alikuwa M. G. Ramachandran, MGR mwenyewe, steringi ambaye miaka ya baadaye angekuwa waziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu. Aliposimama kuzungumza, akamsifu yule mgonjwa wa tumbo. Mwaka 1959 Nagesh akaonekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza, Thamarai Kulam, na haikupita miaka mingi akawa anacheza na huyohuyo MGR.

Lakini aliyemfungulia mlango hasa alikuwa karani mwenzake, K. Balachander, mtumishi wa ofisi ya mhasibu mkuu wa serikali aliyekuwa akiandika tamthilia baada ya saa za kazi. Balachander aliandika tamthilia ya Server Sundaram, na mwaka 1964 studio ya AVM ikaitoa kama filamu, Krishnan na Panju wakiongoza. Sundaram ni mhudumu wa hotelini. Anampenda binti aliye juu yake kwa kila kitu, binti anampenda rafiki yake, na Sundaram akija kuwa nyota wa filamu bado uso wake ni uleule. Hadithi haijifanyi kwamba Nagesh ni mzuri wa sura. Inalichukua lile tatizo ambalo kila mwenye studio alikuwa analiona na halisemi, inaliweka mezani. Mpaka leo picha ya Nagesh akiwa amebeba mnara wa vikombe, mikono imejaa mpaka karibu na kidevu, ndiyo ambayo Watamil wengi huikumbuka akitajwa.

Sasa tuje kwa Dharumi, maana anayetaka kujua kwa nini namwita Nagesh fundi wa mafundi aanzie hapa. Thiruvilaiyadal, ya mwaka 1965, ni filamu ya A. P. Nagarajan kuhusu visa vya mungu Shiva, na Shiva ni Sivaji Ganesan, simba wa uigizaji wa Kitamil, mtu ambaye akiinua nyusi moja tu ukumbi unanyamaza. Mfalme wa Madurai ametangaza vipande 1,000 vya dhahabu kwa mshairi atakayemtatulia swali: je, nywele za mwanamke zina harufu nzuri ya asili? Dharumi ni mshairi fukara asiyeweza kuandika shairi la maana. Anaingia hekaluni kulia shida zake. Anatembea huku na huku akizungumza peke yake, anajipa moyo, anajikatisha tamaa, anamlaumu mungu, anaogopa kwamba kamlaumu mungu.

Ndipo Shiva anamtokea akiwa amejigeuza mshairi na kumpa shairi bure. Dharumi hamwamini. Anataka kwanza kumpima huyu mtu kama kweli ni mjuzi, na mtihani wenyewe ukianza, anachagua kuwa muulizaji, kwa sababu kuuliza ndiko pekee anakokujua. Halafu tena ikulu: mshairi mkuu Nakkeerar (Nagarajan mwenyewe ndiye anayemwigiza) anasema shairi lina kosa. Mtu mwingine angekimbia. Dharumi anaomba wakadirie ukubwa wa kosa, wapunguze kiasi hicho kwenye zawadi, kinachobaki wampe.

Nikiliona hilo la makato nacheka kila mara, maana namjua mtu huyo. Yuko dukani, yuko ofisi ya ardhi, yuko kwenye foleni ya mkopo. Heshima yake ameshaikata bei yeye mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Na angalia miguu ya Nagesh humo ndani: hasimami sawasawa hata mara moja, uzito uko kwenye kisigino kama mtu aliyezoea kufukuzwa. Sivaji, kwa sifa yake, anakaa akamwachia nafasi. Filamu ni ya kwake, jina kubwa ni lake, lakini ukimsikia Mtamil anairudia filamu hiyo kwa kichwa, mara nyingi anayarudia maneno ya Dharumi.

Nirudi kwa Mehmood, kwa sababu jambo hili linanikera kidogo. Pyar Kiye Jaa ilikuwa marudio ya Kadhalikka Neramillai. Server Sundaram ikarudiwa kwa Kihindi mwaka 1971 kama Main Sundar Hoon, na Sundar akawa Mehmood. Anubavi Raja Anubavi ya 1967, ambayo Nagesh anacheza watu wawili, ikawa Do Phool mwaka 1973, Mehmood tena. Sisemi kaiba mtu. Sridhar ndiye aliyeongoza picha zote mbili, ya Kitamil na ya Kihindi, na AVM walirudia mali yao wenyewe. Mehmood naye alikuwa fundi, hakuna ubishi. Ila Filmfare, jarida la filamu la India, walipoanzisha tuzo ya mchekeshaji bora, wa kwanza kuibeba alikuwa yeye, na aliibeba kwa Pyar Kiye Jaa. Halafu mwaka 1968, katika Padosan, Mehmood huyohuyo akawa yule mwalimu wa muziki wa Kusini, mwenye lafudhi na ushungi wa nywele, ambaye kazi yake ni kuchekwa na watu wa Kaskazini. Yaani walichukua vichekesho kutoka Kusini, kisha Kusini yenyewe wakaifanya kichekesho. Sisi huku tulikuwa tunacheka tu, kwa sababu kilichotufikia kilikuwa kimeshapitia Bombay. Siku hizi vibanda umiza vyetu vimejaa picha za Kusini zilizotiwa Kiswahili, lakini ni za visu na magari ya kuruka. Hizi za Nagesh hakuna aliyezileta.

Nisimpambe kupita kiasi. Ziko filamu zake chungu nzima ambazo vichekesho vimebandikwa pembeni mwa hadithi kama kiraka, na unaweza kuvikata visiharibu kitu. Miaka ya 70 nafasi zilianza kupungua, wachekeshaji wapya wakaingia. Hata hivyo ni katika kipindi hicho, mwaka 1975, ndipo Balachander alipompa nafasi ya daktari mlevi wa siri katika Apoorva Raagangal, filamu ambayo watu huikumbuka zaidi kwa kuwa ndiyo iliyomtoa Rajinikanth, aliyekuja kuwa steringi mkubwa wa Kitamil. Nagesh yuko peke yake na glasi. Anakiona kivuli chake ukutani, na anakigongea glasi kama mwenzake wa meza moja.

Aliyemrudisha baadaye ni Kamal Haasan, steringi mwingine wa Kitamil. Mwaka 1989, katika Apoorva Sagodharargal, alimfanya adui, na baadhi ya watu walishangaa kwamba mwili uleule uliowavunja mbavu unaweza kutisha. Waliokwisha kumwona akiwa Vaithi, yule kuwadi mwenye tabasamu katika Thillana Mohanambal ya 1968, hawakuwa na sababu ya kushangaa.

Kisha ukaja mwaka 1994. Katika Nammavar alicheza baba anayefiwa na binti yake aliyejiua, na kwa nafasi hiyo akapata Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora msaidizi. Alikuwa ameshachekesha kwa zaidi ya miaka 30, na Delhi walimwona siku alipolia. Nishani za Padma, zile za heshima za serikali ya India ambazo zimegawiwa kwa waigizaji wengi tu, hazikumfikia; alifariki Chennai, ile Madras ya zamani, Januari 31, 2009, bila kupewa hata moja. Wanaosema tuzo hazina maana huwa nawasikia, lakini mara nyingi ni watu ambao waigizaji wanaowapenda wameshapewa.

Mwaka huohuo wa Nammavar alifanya nyingine, Magalir Mattum, na humo Nagesh ni maiti. Wanawake watatu wa ofisini wanadhani wamemuua bosi wao, wanachukua mwili usio wenyewe hospitalini, wanauhangaisha kwenye kiti cha magurudumu. Hasemi neno. Hawezi kutumia macho, ambayo ndiyo silaha ya nusu ya wachekeshaji duniani. Ana uzito wa mwili tu, namna kichwa kinavyoangukia bega na mkono unavyoteleza mahali pasipofaa kwa wakati usiofaa, na kila mteremko umepimwa. Kilio cha Nammavar ni kizuri, sina neno nacho, na wako waigizaji wengine India ambao wangekifanya vizuri vilevile. Ile maiti simjui mwingine ambaye angeiweza. Kama ningekuwa mimi kwenye meza ya majaji mwaka ule, tuzo ningeipa maiti.