Marudio mengi, jukwaa moja

Mwanafunzi wa muziki huambiwa mapema kwamba dawa ya makosa ni kurudia, na dawa ya woga ni kurudia zaidi. Lile la kwanza nalikubali kwa masharti. La pili limewaumiza wengi.

Wanaotetea marudio wana hoja nzito. Vidole havijifunzi kwa nadharia. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichunguza wanafunzi wa fidla huko Berlin, wakakuta waliokuwa bora zaidi ndio waliolimbikiza saa nyingi zaidi za kujifua peke yao. Bahati mbaya wengi waliosikia habari hizo walishika hesabu ya saa, wakaacha kilicho muhimu zaidi: Ericsson alisisitiza mazoezi yanayolenga udhaifu mahususi.

Utafiti wa Robert Duke na wenzake huko Texas, wa mwaka 2009, unaonyesha tofauti hiyo. Wapiga piano 17 walijifunza kipande kifupi kigumu cha mtunzi Mrusi Shostakovich kwa muda walioutaka wenyewe, wakapimwa kesho yake. Wingi wa dakika na marudio haukutabiri nani angepiga vizuri. Walioongoza nao walikosea, lakini waliligundua kosa lilipo, wakapunguza kasi na kulimaliza hapo hapo. Anayerudia kipande kizima pamoja na kosa lake, kosa nalo analifanyia mazoezi.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutaka vipande vichanganywe: dakika chache hiki, dakika chache kile, kisha kurudi. Mantiki yake inanivutia. Ukipiga kitu kimoja mfululizo, mara ya kumi kinateleza kwa sababu bado kina joto mikononi, nawe unadhani umekiweza. Jukwaani hakuna mara ya kumi. Hata hivyo, anayeanza, ambaye bado anatafuta noti, atachanganyikiwa tu. Kwake marudio ya polepole yatangulie.

Vipi kuhusu woga? Vladimir Horowitz, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne iliyopita, aliacha kupiga hadharani kuanzia 1953 hadi 1965. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba hakujifua vya kutosha. Ushauri wa "tulia" nao hausaidii sana, kwani moyo unaodunda hautii amri. Mtafiti Alison Wood Brooks alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia "nina msisimko" kabla ya kuimba waliimba kwa usahihi zaidi kuliko waliojiambia wana wasiwasi. Mapigo ya moyo hayakushuka. Walichobadilisha ni tafsiri yake.

Wapinzani watasema maneno hayazuii mkono kutetemeka, na mpiga fidla anajua upinde unaotetemeka unavyoharibu sauti. Ni kweli, wengine huandikiwa na daktari dawa kama propranololi, inayopunguza mapigo ya moyo na mtetemo, na sioni aibu yoyote hapo. Lakini dawa haimfundishi mtu kuendelea baada ya kukosea.

Ustadi huo una mazoezi yake, nao ndio unaopuuzwa kuliko yote. Wiki kadhaa kabla ya onyesho, mpigaji aingie chumbani bila kupasha vidole moto, amkalishe msikilizaji mmoja au awashe kinasa sauti, kisha apige kipande mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, bila ruhusa ya kusimama hata noti zikimponyoka. Kusahihisha kusubiri kesho.