Shemeji na Maji ya Digrii 96

Jamani hii mambo ya kahawa kupimwa kwa mizani nani alituletea? Naishi na ndugu ya bibi yangu hapa Kasarani, na asubuhi siwezi hata kuchemsha yai, nikigusa jiko naambiwa "shemeji subiri kidogo, kahawa inapumua." Inapumua! Ameinama hapo na simu inahesabu sekunde, anaangalia povu, na mimi nimesimama na sufuria yangu ya chai kama mtu ameenda kuomba moto kwa jirani.

Gramu 15 za kahawa, gramu 240 za maji. Yaani siku hizi hata maji yanapimwa kwa kilo. Ile faneli yake inaitwa V60, nikauliza 60 ni bei ama, akasema ni digrii za pembe. Halafu karatasi ya kuchujia lazima kwanza imwagiwe maji moto, eti harufu ya karatasi iishe. Karatasi inaoga moto kwa nyumba yangu na mimi nimeoga baridi ndio tokeni zifike mwisho wa mwezi!

Na birika sasa. Ni la stima, unaliseti digrii unazotaka, yeye ni 96 kwa sababu jamaa wa video huko majuu alisema hivyo. Lakini Nairobi tuko juu, mita kama 1,800 toka baharini, huku maji yanachemka kwa 94 hivi, ukitaka 96 shuka Kisumu. Birika linatokota tu, linatafuta digrii ambazo hazipo kwa hii ploti, na stima inaenda. Nilipomwambia alininunia mpaka jioni.

Kinachoniuma zaidi, hiyo kahawa ni ya kwao Nyeri! Mama mkwe ako na miti ya SL28, ile aina ya kahawa ilichaguliwa pale Scott Laboratories, maabara ya kilimo, miaka ya 1930, anachuma zilizoiva peke yake, moja moja, anabeba mpaka factory ya ushirika, pesa inakuja ikijisikia. Kijana wake anaenda Westlands kununua ka-paketi ka gramu 250, imeandikwa AA, anajigamba nayo, na AA ni saizi ya punje tu, si maksi za mtihani. Eti ina ladha ya nyanya. Nyanya si ziko kwa mama mboga hapo chini?

Juzi mama mkwe alitutembelea, akatengenezewa, tukangoja weee. Akaonja, akaweka kikombe chini pole pole, akaniuliza, "Baba Shiko, majani ya chai mmemaliza?" Nilikimbia jikoni bana. Narudi napata ameshika paketi, amevaa miwani, anasoma bei.

"Hii ni ya gunia?"

Shemeji akakumbuka kuna simu anafaa kupiga nje.