Barua Iliyoota Manyoya

Karatasi yenye mbegu, ile unayoandikia barua kisha unaifukia iote, ni kazi ya mikono ya bei poa kuliko zote. Unanunua pakiti moja ya mbegu za mchicha, vingine viko nyumbani: kurasa 20 za daftari lililoisha (gamba liache, pini zing'oe), beseni, kinu, na fremu ya mbao ya ukubwa wa daftari iliyowambwa kipande cha chandarua. Nasema chandarua kilichochakaa. Wanangu walianza na kile tunacholalia, nikawawahi mkasi umeshaingia.

Ijumaa usiku tulichana karatasi vipande vya ukubwa wa stempu, tukaziloweka. Asubuhi tukatwanga hadi rojo likawa laini kama uji wa mgonjwa. Kurasa za majarida yanayong'aa usiziguse. Zimepakwa tabaka linalochelewesha maji kuingia, utatwanga mpaka mchi ukuchukie.

Hapo ndipo fundi, yaani mimi, nilipoharibu. Mbegu huingia mwisho kabisa, karatasi ikiwa imeshatandazwa: unanyunyiza, unagandamiza kwa kitambaa, unaanika juani ikauke siku hiyohiyo. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama chembe ya mchanga, lakini subira haina. Ikipata maji na joto la Dar es Salaam, siku ya tatu au ya nne inachungulia. Mimi nikamwaga kijiko kizima cha chai ndani ya beseni la rojo, eti zichanganyike vizuri. Hata hatujashika fremu, masika yakashuka. Beseni likalala barazani na mbegu zake.

Jumapili tukachota. Fremu inazama ikiwa imelala, inainuliwa polepole, unaitikisa kidogo maji yachuje, halafu unaipindua juu ya kitambaa kwa mkupuo mmoja. Ukisitasita inachanika. Kitambaa chetu kilikuwa kanga ya mke wangu, mpya, haijafuliwa hata mara moja. Ikachuja. Karatasi zikatoka za waridi, watoto wakashangilia, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mwenye kanga.

Jumatatu bado zilikuwa na unyevu. Nikashika pasi, nikakumbuka pasi huzipika mbegu, nikairudisha na kujipongeza. Mwanangu mdogo akamwandikia bibi yake wa Muheza: "Shikamoo bibi. Tutumie machungwa." Aliandika kwa kalamu ya wino, juu ya karatasi ambayo sikuitia wanga. Kijiko kimoja cha chakula cha uji wa wanga ndani ya rojo kingetosha kuzuia wino usitawanyike. Nilijua, nikaona uvivu. Kisha, barua isilowe njiani, nikaifungia kwenye kopo la aiskrimu lenye kifuniko cha kubana na kuipakia kwenye basi. Unyevu, joto, giza: hata bwana shamba asingeziandalia kitalu kizuri zaidi.

Jumatano mama akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Barua yenu ina manyoya."

"Huo ni mchicha, mama."

"Nimeona. Na mjukuu wangu kaeleza vizuri tu. Kaandika: tumie mchicha."

Nikatulia kidogo kuipiga hesabu. "Tu" ya mwanzo ilikuwa imemezwa na wino. Kwenye "machungwa" zilisalia m, ch na a ya mwisho, katikati pameota miche.

"Mama, alimaanisha machungwa."

"Machungwa yako wapi? Mimi nimeletewa mchicha. Nimeshaufukia nyuma ya jiko, na barua yake."

Mwezi haujatimia vizuri, simu tena. Ameuchuma, ameupika kwa nazi, umekuwa mtamu sana ila haukutosha hata bakuli moja. Anaomba mjukuu wake barua ijayo aandike ndefu.