Machungwa ya Muheza na ya Yafa

Juzi nilinunua machungwa hapa Amman, Jordan, nikampelekea jirani yangu, bibi wa Kipalestina aliyezaliwa 1941. Namwita Khalti, yaani mama mdogo. Akachukua moja, akalizungushia karatasi laini, akasokota ncha, akanirudishia. Ndivyo machungwa ya Yafa, mji wa bandari wa kwao ambao sasa uko Israel, yalivyofungwa, moja moja, kabla ya kupakiwa melini, na yeye aliyaona bandani kwa baba yake.

Nikamwambia kwetu Muheza, Tanga, hayafungwi, yanaozea kando ya barabara. Hakuamini. Akaniuliza mara mbili: "Shamba ni lenu? Mnaingia mkitaka?"

Swali hilo halijanitoka kichwani, maana wiki hiihii kaka ameniandikia anataka kuuza ekari mbili za marehemu baba anunue bodaboda.

Ndugu zangu wa Muheza, najua mtakavyosema. Kapanda ndege juzi tu, leo anatusimanga. Bei ya dalali haimuumi, msimu wa mvua gari haliingii shambani, yeye yuko Uarabuni anakula kubusi, mkate wa huko. Jamani, mimi nimebeba tenga kichwani tangu darasa la tatu! Dalali namjua, na hasira zenu ni zangu. Ila hasira ni kitu kimoja, na kuuza ni kingine.

Khalti hakuuza. 1948, mji ulipopigwa, walipakiwa kwenye lori na mablanketi, wakijua wanarudi baada ya wiki mbili. Wakaishia Nablus, Ukingo wa Magharibi. 1967 vita vikamkuta na mtoto mgongoni, akavuka mto Yordani kwa miguu hadi Jordan, baadaye akalala hemani kambi ya wakimbizi ya Baqa'a. Mumewe akapata kazi Kuwait, wakajenga maisha upya. Vita vya Ghuba vya 1991 vikawarudisha Amman na masanduku. Mara nne mwanamke mmoja anaanza na sufuria moja! Pasipoti ya Jordan anayo. Akiomba, huenda akapewa viza ya kutembea. Kurudi kuishi, hapana. Na Yafa ni kilomita 110 tu kutoka hapa, kama Dar na Chalinze.

Mtaniambia Palestina si Tanzania, hakuna anayetufukuza. Ndiyo hasa kinachoniuma. Sisi tunajitoa wenyewe, kwa saini na shahidi wa mtaa, halafu tunalia hatuna pa kuzikana. Naipenda Muheza kuliko mnavyodhani, na machungwa yake ni matamu kuliko haya ya hapa.

Nimemwambia kaka asisaini chochote mpaka nije Desemba. Lile chungwa bado liko dirishani, kwenye karatasi yake.