Ratiba ya Biblia isiyojua msimu wa korosho

"Wapendwa, jana walioweka tiki ni wachache mno. Tusimpe Shetani nafasi kwa visingizio vya shamba." Ndivyo lilivyoamkia grupu letu la kusoma Biblia kwa mwaka, Oktoba hii hii, kabla hata jogoo hawajamaliza kazi yao. Ukafuata msururu wa majina ya walio nyuma, na mbele ya kila jina idadi ya sura anazodaiwa. Anazodaiwa! Kama rejesho la mkopo wa vikoba.

Visingizio vya shamba. Masasi. Oktoba, msimu wa korosho. Nilidhani kaandika mtu wa Dar aliyeingizwa grupu kwa bahati mbaya. Wapi, ni mwenzetu wa hapahapa na mikorosho anayo, ila anazo na pesa za vibarua wa kuokota.

Sisi tusio nazo tunaokota wenyewe. Unaingia shambani umande haujakauka, unainama chini ya mkorosho mmoja mpaka mwingine, kila korosho unainyonga itoke kwenye bibo lake, na ukifika wa kumi vidole vimeshanata kwa maji ya mabibo hata simu haikutambui alama. Jioni zianikwe, usiku zisiachwe zikanyeshewa, zikikauka zichambuliwe mbovu kando, zijazwe gunia, zipelekwe AMCOS, chama chetu cha ushirika, zikapimwe. Halafu unasubiri mnada, halafu unasubiri malipo. Na mimi kwa upande wangu nina kibanda cha uwakala wa pesa, maana yake wakulima wakishalipwa foleni inaanza mlangoni kabla sijafungua kufuli. Huyo ndiye anayeambiwa ana visingizio.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa ndugu zetu wanapenda hesabu. Biblia tunayotumia Waanglikana na wenzetu Walutheri ina sura 1,189. Gawanya kwa siku 365, unapata sura tatu na ushee kwa siku. Haitishi. Lakini angalia zinavyoangukia. Januari unaanza Mwanzo kwa shangwe. Mwisho wa Januari unaingia Mambo ya Walawi, nusu ya grupu inakufa palepale kwenye ngozi na ukoma. Mwisho wa Machi ndiyo kwanza unafunga Samweli wa Pili. Agano la Kale lina sura 929, kwa hiyo kwa mwendo huo Malaki inaisha katikati ya Oktoba. Injili zote nne, Matendo, Paulo, Yakobo, Petro, Yohana na Ufunuo wake, vyote vinabanwa kati ya hapo na mkesha wa Mwaka Mpya. Yaani ratiba hii imepanga mkulima wa korosho akutane na Yesu wakati wa minada. Masika, tunapojikunyata barazani kwa sababu mvua imeanza saa nane mchana na haina dalili ya kukatika, tunahesabu makabila ya Israeli.

Aliyeitunga hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kalenda ya ofisi ukutani, basi.

Nikisema hivi naambiwa nataka Ukristo mwepesi. Kisha anatokea wa upande wa pili, yule wa semina, anasema bora hata hivyo, kukimbiza sura ni bure, kinachotakiwa ni kuchambua, kila siku ukae na daftari, muktadha, marejeo, matumizi. Naye ana andiko lake: watu wa Beroya, Matendo 17, waliyachunguza maandiko kila siku. Kweli, imeandikwa kila siku, siwezi kuifuta. Ila endelea kusoma mstari wa 13 na 14. Wayahudi wa Thesalonike wanasikia Paulo yuko Beroya, wanakuja kuchochea watu, ndugu wanamsindikiza Paulo aelekee pwani. Beroya walikuwa na mgeni mjini kwa muda mfupi, ana madai mazito, wakaacha mengine wakakaa na magombo. Ule ulikuwa msimu wao wa kuchimba. Wala usinichoree picha ya kila Mberoya kitandani na Biblia yake na kalamu ya rangi. Gombo lilikuwa mali ya gharama, mahali pake sinagogi, na waliochunguza walichunguza pamoja.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo na kambi zote mbili. Wote wanapima kwa siku. Mmoja anataka kila siku iwe na sura zake tatu, mwingine anataka kila siku iwe na uchambuzi wake, na yule mwenye huruma ya kujifanya anataka vyote viwili, "dakika kumi na tano kusoma, dakika kumi na tano kujifunza, nani anakosa nusu saa?" Mimi nakosa. Novemba nakosa, na sioni haya kusema. Februari nina saa mbili za kukupa na chai juu. Mizani ya kusoma na kujifunza kwa mtu mwenye shughuli zake haikai ndani ya siku moja. Inakaa ndani ya mwaka. Kuna miezi ya kusoma kwa mapana, kuna miezi ya kukaa na kitabu kimoja mpaka kikuchoshe, na kuna miezi ya kushika zaburi moja asubuhi na kwenda nayo shambani, na hiyo ikawa ndiyo ibada kamili.

Sijaitoa kichwani. Fungua Kumbukumbu la Torati 31, mstari wa 10 na 11. Torati isomwe mbele ya Israeli wote, lini? Kila mwaka wa saba, kwenye sikukuu ya vibanda. Na sikukuu ya vibanda ni lini? Rudi sura ya 16 mstari wa 13: ukiisha kukusanya ya sakafu yako na ya shinikizo lako. Baada ya mavuno! Mungu aliyewajua wakulima wake hakuwaita wasikilize torati nzima huku zabibu zinaoza mzabibuni. Aliwaacha wavune, waingize ndani, ndipo akawaita wote, wanaume, wanawake, watoto na mgeni aliye malangoni. Kwenye Nehemia 8 ni vilevile, mwezi wa saba, mwezi uleule wa vibanda. Ezra anasoma tangu mapambazuko hadi adhuhuri, umati mzima umesimama, Walawi wanafafanua watu waelewe. Kesho yake, mstari wa 13, hawarudi wote. Wanaorudi kwa Ezra kuchimba zaidi ni wakuu wa mbari, makuhani na Walawi. Hakuna aliyepiga orodha ya waliobaki nyumbani.

Najua kuna Kumbukumbu 6, yafundishe watoto ukaapo, utembeapo, ulalapo, uondokapo. Sawa. Lakini hayo ni mazungumzo ya nyumbani na njiani, hayahitaji tiki, na mama anayemsimulia mwanawe habari za Yusufu huku wanaokota korosho ameyatimiza kuliko mimi na wewe.

Na kwa nini twende mbali wakati majirani zetu Waislamu, ambao huku kusini ndio wengi, jambo hili walishalimaliza zamani? Jirani yangu ukuta kwa ukuta anahitimu msahafu kila Ramadhani, juzuu thelathini, juzuu moja kwa siku, mwezi mzima mji umeshajipanga kumsaidia: biashara zinafungwa mapema, futari inapikwa, hakuna anayemtuma tuma. Darsa zake ni habari nyingine, zina siku zake, sheikhe anaweza kukaa kwenye aya chache jioni nzima. Hajawahi kuniambia mwezi wa Ramadhani umemshinda kwa kuwa hakupata muda wa kuchambua, wala kwamba darsa haina maana kwa kuwa wamekwenda aya tatu tu. Kila jambo na wakati wake. Wakatoliki nao, pale Ndanda na jumuiya zao ndogondogo, masomo yao ya Jumapili yamegawanywa kwa mizunguko ya miaka mitatu, Mwaka A, B na C, na sijasikia mtu akiwaita wazembe kwa kutomaliza Desemba.

Niseme kidogo faida ya kukaa sehemu moja, kwa sababu bila mfano naonekana nalalamika tu. Kila mkesha wa Mwaka Mpya status zinajaa Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Tunaiandika kwenye fulana, kwenye kanga, kwenye vioo vya daladala. Masika iliyopita kikundi chetu kidogo cha kina mama, tusiofika hata kumi, tuliamua tusiende popote, tukae na Yeremia 27 hadi 29 mpaka tuelewe. Jumatano moja baada ya nyingine. Na humo tukamkuta Hanania. Wangapi wanaosambaza ule mstari wanamjua Hanania? Sura ya 28. Ni nabii, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka watakuwa wamerudi kutoka Babeli. Miaka miwili tu! Yeremia ana nira ya mti shingoni, Hanania anaitwaa anaivunja hadharani. Wewe ungemfuata nani? Mimi najijua, ningemshangilia Hanania na sadaka ningempa.

Kisha inakuja barua ya Yeremia kwa mateka, sura ya 29. Jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto, uombeeni amani mji mliopelekwa. Na mstari wa 10, ule ulioko juu kabisa ya mstari wetu wa fulana, unasema miaka sabini. Sabini! Mtu mzima aliyesikia barua ile ikisomwa alielewa kwamba yeye harudi. Wajukuu zake ndio watarudi. Ndipo yanapofuata mawazo ya amani. Mama mmoja kwenye kikundi, mtu wa makamo, akakaa kimya halafu akasema, "Kwa hiyo ni kama kupanda mikorosho ukiwa mzee." Jumatano ile hatukuendelea tena. Mwenye nyumba alituletea ming'oko, viazi vyetu vya porini huku kusini, tukala tukiongea kuhusu mashamba tuliyoachiwa na wazee ambao hawakuvuna hata gunia.

Niambie, sura tatu kwa siku ingetupa hilo? Yeremia 27, 28, 29 ni siku moja ya ratiba. Unapita, unaweka tiki, unakwenda kazini.

Lakini nisiwape watu wa semina ushindi wa bure. Hanania tulimpata kwa sababu kuna wenzetu waliowahi kuisoma Yeremia yote na kukumbuka kwamba huko nyuma palikuwa na kisa cha nira. Anayechimba mstari mmoja mmoja miaka yote bila kupitia kitabu kizima anachimba bila kujua yuko shamba la nani. Utajuaje Boazi anatii amri gani anapomwachia Ruthu masazo, kama hukuwahi kupita Mambo ya Walawi 19, pale wanapokatazwa kuvuna pembe za shamba na kuokota masazo, waachiwe maskini na mgeni? Kwa hiyo ndiyo, ipitieni hata Walawi. Ila si kwa kudaiwa.

Kusikiliza nako ni kusoma, na asiyekubali amuulize Ezra. Injili ya Marko yote, sura 16, inasomwa kwa sauti kwa saa moja na nusu hivi. Panda basi Masasi kwenda Mtwara, weka hedifoni kabla kondakta hajawasha muziki wake, ukifika njia panda ya Mnazi Mmoja, ile ya Lindi, Yesu amefufuka au anakaribia.

Na kwa wanaodhani bila mpango wa mwaka imani inanyauka: Kanisa lilianza hapa Masasi mwaka 1876, Askofu Steere wa Waanglikana alipowaleta watu waliokombolewa utumwani. Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka 1891. Miaka 15 wazee wale walisali, walizika, walibatiza na kulea kwa vipande vilivyokuwa vimeshatafsiriwa. Leo tunamfokea mjukuu wao kwa sura ishirini.

Katibu wa grupu ananisoma hapa, najua. Ndugu yangu, sina kinyongo, na kazi ya kukumbusha watu haina shukrani. Ila futa ile orodha. Ukitaka ratiba, ianzishe baada ya malipo ya mwisho ya korosho, anza na Injili ili watu wakutane na Bwana wakiwa wameketi, Mambo ya Walawi wayasome kiangazi kabla ya msimu, na Oktoba hadi Desemba andika Zaburi peke yake. Hata moja ikirudiwa wiki nzima, nyamaza.

Sisi Februari tunaanza Ruthu, Jumatano jioni, nyumba ileile ya ming'oko. Ni sura nne tu, mtu anazimaliza kwa mkao mmoja, kwa hiyo kila mmoja azisome zote nyumbani kwake kabla hajaja. Nataka tubishane juu ya Naomi, mama mkwe wa Ruthu. Mimi naona alikuwa anajua kabisa anachofanya tangu sura ya pili, na kuna mama mmoja hakubali.