Vibao vya Franco kwenye CD nne: hesabu inaanzia wapi?

Wapenzi wakongwe wa rumba wana lawama moja kuhusu Francophonic, mkusanyiko wa vibao vya Franco Luambo Makiadi, mpiga gitaa wa Kongo na kiongozi wa bendi ya OK Jazz, uliotolewa na Stern's ya London kwa mafungu mawili ya CD mbilimbili, 2008 na 2009. Wanasema mtu aliyerekodi tangu 1953 hadi kufariki kwake Oktoba 1989, nyimbo zinazokadiriwa kupita elfu, hatoshi kwenye CD nne. Afadhali, wanasema, tusikilize albamu zake asilia. Lawama ina uzito, ila hesabu yake imeanzia mahali pasipo pake.

Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ndiyo iliyomtoa Franco kwenye lebo ya Loningisa mjini Léopoldville (Kinshasa ya leo), ilibeba kama dakika 3 kila upande. Ile ya 45 ilifika 4 au 5. Miaka yote ile ya mwanzo kazi yake ilitoka wimbo kwa wimbo. Santuri ndefu zilizofuata zilikuwa kwa sehemu kubwa vibao hivyohivyo vimekusanywa na kampuni. Kwa hiyo anayetutuma kwenye "albamu asilia" ya miaka ya hamsini anatutuma kwenye mkusanyiko mwingine.

Tazama sasa namna mafungu yalivyogawanywa. La kwanza lina nyimbo 28 kwa miaka 27, la pili nyimbo 13 kwa miaka tisa tu. CD mbili hubeba dakika 160 hivi. Gawa kwa 28, kila wimbo unapata chini ya dakika 6. Gawa kwa 13, unapata kama 12. Tofauti hiyo ndiyo inayonishawishi. Mwuzaji mwenye haraka angekata kila wimbo wa miaka ya themanini ubaki dakika 5, akajaza vibao 30 na kuandika idadi hiyo kwa herufi kubwa kwenye jalada. Ken Braun, aliyeuandaa, alikubali nyimbo chache ili kila moja ibaki na sebene yake, yaani sehemu ya magitaa ya kucheza. Na sebene si mkia wa wimbo. Mashairi yanaingia taratibu, kisha magitaa ya solo, mi-solo, ridhim na besi yanaanza kujibizana, na hapo ndipo watu wanapoinuka vitini. Ukiikata, umebakiza utangulizi.

Kazi nyingine isiyosifiwa ni ya kuunga. Wimbo wa santuri ya 45 mara nyingi ulikatwa katikati: upande A unafifia, B inaendelea na sebene. Kuziunganisha si kubandika tu. Mwendo wa pande mbili ukitofautiana kwa asilimia 1, magitaa yanapanda au kushuka karibu moja ya sita ya nusu-toni, na sikio linashtuka palepale kwenye kiungo. Fundi hulinganisha kwanza ridhim ya A na ya B, kisha ndipo anaunga. Kwa santuri za 78 tatizo ni sindano: mfereji wake unataka ncha ya takriban maikroni 75. Ukitumia ya santuri ndefu, isiyozidi 25, inazama chini penye uchafu na kuleta mikwaruzo. Mtu anayeifuta mikwaruzo hiyo kwa kupunguza sauti za juu anaondoka pia na marakasi na mguso wa kidole kwenye waya.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo ni ya jina. "Mabele" ya 1974 ni utunzi wa Lutumba Simaro na sauti ni ya Sam Mangwana. "Mario" ya 1985 haisimami bila sauti ya Madilu System. Kila wimbo wa OK Jazz unapouzwa kama kibao cha Franco, msikilizaji mgeni anadhani gitaa, shairi na koo ni vya mtu mmoja. Hapo wakongwe wana haki kabisa, na mkusanyiko wowote usiotaja kwa kila wimbo nani katunga na nani anaimba unawadhulumu watu hao.

Kuna mikusanyiko mingine mingi ya bei nafuu sokoni na mitandaoni. Kabla ya kulipa, usianze na orodha ya majina, anza na safu ya dakika. "Mario" kamili inazunguka dakika 14. Ukiikuta imeandikwa 6, irudishe.