Matema ikipimwa, wauza vyungu walale wapi?

Jumamosi asubuhi pale Lyulilo, soko la jirani na Matema, Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mitumbwi hufika kutoka kijiji cha Ikombe imesheheni vyungu vya wafinyanzi wa Kikisi, kidogo ndani ya kikubwa, nyasi katikati visigongane. Nilikuwa nimeinama nachagua cha maharage, nakigonga kwa ukucha nisikie kama kina ufa, mama muuzaji akaniuliza kama ni kweli watu wa kupima viwanja wanakuja. Sikujua. Akacheka. "Mwanangu, wakishapima, kiwanja ni cha mwenye hela."

Ufukwe wa Matema unastahili kupangwa. Mchanga ule, milima ya Livingstone nyuma yake, ziwa mbele. Siku serikali ikiamua kuweka hoteli, gati na barabara ya kutembelea jioni, mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia. Ninachotaka kujua ni lini neno "nafuu", yaani makazi ambayo mwenyeji anayaweza, litaingia kwenye ramani.

Maana huwa linachelewa. London ilipogeuza bandari zake za zamani kuanzia 1981, minara ya mabenki ilipanda Canary Wharf huku wenyeji wa mitaa ile wakilalamika kwamba nyumba mpya haziwahusu. Hamburg ya Ujerumani nayo, kwenye HafenCity, mtaa mpya uliojengwa bandarini, ilianza na maghorofa ya wenye nazo. Baadaye ndipo mji ukataka karibu theluthi ya nyumba mpya ziwe za watu wa kipato cha chini na cha kati. Uliweza kwa sababu viwanja vilikuwa bado mkononi mwake. Angekuwa ameshaviuza vyote, mstahiki meya angebaki kuomba tu.

Sisi tuna nguvu kuliko Hamburg, tukitaka. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Anayepewa kiwanja anapewa hati ya muda, isiyozidi miaka 99, na hati ina masharti. Basi sharti liandikwe humo: mwenye hoteli atatenga sehemu gani kwa makazi ya wenyeji, na umbali gani kutoka majini. Akikataa, apewe mwingine.

Umbali ndio wenye kesi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ni sheria nzuri. Ila isiwe rungu la kumhamisha mvuvi peke yake, kisha mita hizohizo zikaota baa. Na huyo mvuvi akisogezwa nyuma, anasogezwa wapi? Bonde la Kyela wakati wa masika tunalijua. Mito ikifura, maji yanaingia ndani, godoro linapandishwa juu ya meza. Nyumba ya bei rahisi kwenye mkondo wa maji si nafuu hata kidogo. Na ukimpeleka mbali, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inakula faida ya dagaa.

Halafu kuna hili la malipo. Nyumba zetu "za gharama nafuu" mara nyingi huuzwa kwa mkopo wa benki, na benki inataka karatasi ya mshahara. Mfinyanzi atatoa karatasi gani? Kyela pesa huja na mpunga, huja na kakao, kisha kimya. Mimi ningempa kiwanja kidogo kilichopimwa, chenye maji na njia, alipe msimu kwa msimu, ajenge vyumba viwili vya tofali za kuchoma kwanza, mengine baadaye. Tena kiwanja chenyewe kiwe na nafasi ya kuanikia vyungu. Mchoraji wa ghorofa hatakumbuka hilo.

Kile chungu nilikinunua, pamoja na kifuniko kisichokaa sawasawa. Nilimwambia yule mama mkutano wa kijiji ukiitishwa kuhusu vipimo, aende. Akaniuliza kama utakuwa Jumamosi, maana Jumamosi haachi mzigo.